Kadi ya Kliniki ya Mama

Siku niliyoagwa kwenda chuo cha ualimu, wazee wanne wa kanisa walikula kuku wawili sebuleni kwetu Kaloleni, Nairobi, wakajipangusa midomo kwa leso zao, kisha wakaanza kuuzungumzia mwili wangu bila kuutaja.

Baba ndiye aliyewaita. Alikuwa karani katika stoo ya reli, mzaliwa wa Ukambani, mzee wa kanisa tangu nikiwa mdogo, na mtu aliyeamini kwamba jambo likishasemwa kwa sauti nzito mbele ya wageni limekwisha kutendeka. Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, na msichana wa mtaa wetu kupata nafasi ya chuo ilikuwa habari ya kutangazwa kanisani. Baba aliitangaza Jumapili mbili mfululizo, ili waliokosa ya kwanza wasikose ya pili. Basi Jumamosi ile nikasimamishwa kati ya meza na kabati la vyombo, nimevaa gauni la kijani alilonishonea mama, baba akanihutubia.

"Mwanangu," alisema, akiwaangalia wale wazee, si mimi, "unatoka hapa ukiwa kitambaa cheupe. Tunataka urudi ukiwa kitambaa cheupe."

Wazee wakaguna kukubali. Mmoja wao, dereva wa lori la baraza la jiji, akaongeza kwamba doa hata liwe dogo huonekana upesi kwenye cheupe. Mwingine akasema sabuni nyingine haziondoi doa, hufanya kulieneza tu. Wakaendelea hivyo kwa muda, wanaume wanne wenye wake na watoto, wakizungumza habari za kufua nguo ambazo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzifua. Kisha tukapiga magoti.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimefaulu biolojia. Niliweza kuuchora moyo wa chura na kuutaja kila mshipa, lakini ile sura ya uzazi mwalimu wetu aliiruka, akatuambia tujisomee wenyewe, na tulipofungua vitabu tukakuta kurasa zake zimechanwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia ni siku zipi za mwezi mwanamke hushika mimba, wala kwamba kuna kitu chochote cha kuizuia.

Baba alikuwa amelifikiria hilo kwa namna yake. Mambo ya kike aliyagawia dada yake. Shangazi alitoka Ukambani kwa basi siku hiyo hiyo, akala sehemu yake ya kuku, na baada ya maombi akanivuta chumbani, akashusha pazia la mlangoni. Tukakaa kitandani. Alivua viatu kwanza, akasugua vidole.

"Unawajua wanaume?" aliuliza.

"Nawajua vipi, shangazi?"

"Usiwajue."

Nikangoja. Alikuwa akitazama ukutani, kwenye kalenda.

"Sasa umekuwa mtu mzima," akasema. "Kaa kama mtu mzima. Ukilala, lala peke yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Haya. Nenda uniletee chai, na usiweke maziwa mengi."

Nilipokuwa nikimimina chai nilimsikia akiwaambia wale wazee sebuleni, "Nimemweleza yote." Baba akamshukuru.

Kesho yake mama alinisaidia kupanga sanduku la bati. Mama alikuwa na cherehani barazani, akishonea majirani sare za shule na magauni ya harusi, na vidole vyake havikuzoea kukaa bure. Alikunja nguo zangu moja moja, akaweka sabuni, kitana, Biblia, mafuta ya kujipaka. Alipofika kwenye nguo za ndani akasita. Akazishika mkononi.

"Mwanangu," akasema, "huko unakokwenda kuna..."

Nikamwangalia. Nakumbuka kwamba redio ya jirani ilikuwa ikisoma habari za vifo, na kwamba mama alisikiliza jina moja hadi mwisho kabla ya kuendelea.

"Kuna baridi," akasema. "Usiache sweta."

Ndivyo wazazi wangu walivyoniandaa kwenda chuo. Nimewahi kusikia watu wa rika langu wakisema kwamba zamani wazazi walijua kulea, kwamba siku hizi ndipo maadili yameharibika. Huwa nawaacha waseme. Mtu akishaamua kumsifu mbuzi kwa ndevu zake, huwezi kumnyamazisha.

Baridi ilikuwepo kweli. Chuo kilikuwa mlimani, mbali na Nairobi, na kila mwanzo wa muhula wasichana wote tulipangwa foleni nje ya chumba cha wagonjwa. Matroni alituita mmoja mmoja, akatulaza kwenye meza na kutubonyeza tumbo kwa vidole vyake viwili. Wavulana hawakupangwa foleni. Siku hiyo wao walicheza mpira, na kelele zao tulizisikia tukiwa tumelala pale na blauzi zetu zimepandishwa.

Mwaka wa pili nilimpenda kijana mmoja wa kwaya. Alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu wa shule ya kwao, msafi, mwenye sauti ya nne iliyotulia, na alinifuata kwa adabu miezi mitatu kabla hajanishika mkono. Sina haja ya kueleza zaidi. Siku yenyewe nilimwambia naogopa, naye akaniambia kwamba mara ya kwanza haishiki. Alilieleza vizuri, kwamba mwili wa mwanamke unahitaji kuzoea kwanza, kama vile udongo unavyohitaji kulimwa mara mbili. Nikamwamini. Alikuwa mtu wa kwanza katika maisha yangu kunieleza jambo lolote kuhusu habari hiyo kwa sentensi iliyokamilika.

Muhula uliofuata matroni alinibonyeza, akarudia kubonyeza, kisha akasema, "Wewe, kaa pembeni." Kufikia chakula cha mchana nilikuwa na barua ya kufukuzwa. Kijana aliitwa ofisini, baba yake akaja na gari, na kijana akasema kwamba hanijui zaidi ya kwaya. Baba yake alikuwa amemwandaa vyema kuliko wangu alivyoniandaa mimi. Alikuwa amemfundisha neno moja, nalo lilitosha. Mwaka huo alipata cheti chake.

Baba aliisoma ile barua akiwa amesimama. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti, akaenda kazini. Kwa miezi minane baada ya hapo hakunisemesha. Alipotaka nisogeze kiti, alimwambia mama, "Mwambie huyo mtu asogeze kiti." Na mama, mbele yangu, hatua mbili kutoka nilipokaa, aliniambia, "Sogeza kiti." Kanisa lilinitenga na ushirika. Baba naye aliombwa akae viti vya nyuma kwa mwezi mmoja, na aliusimulia mwezi ule kwa miaka, jinsi alivyoteswa. Shangazi alituma salamu kutoka Ukambani. Alisema yeye alinieleza yote.

Nikajifungua msichana. Alipofika miezi mitatu akaanza kukohoa, na siku tuliyompeleka kliniki ya mtaa tukaambiwa daktari hayupo wiki nzima. Jirani akatuelekeza kliniki nyingine, mwendo wa nusu saa hivi ng'ambo ya Barabara ya Jogoo. Mama hakutaka. Alisema foleni ya kule ni ndefu, akasema ana gauni la mteja, akasema kikohozi cha mtoto hupona kwa mvuke. Nikafunga mtoto mgongoni, nikaanza kutembea. Ilibidi anifuate.

Tulipofika aliketi mwisho kabisa wa benchi, akavuta kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi. Nilidhani anaona haya kuonekana na mimi, na hilo nilikuwa nimelizoea. Nesi aliyetoka kutuita alikuwa mama mnene mwenye miwani, mchangamfu. Macho yake yalinipita, yakatua kwa mama.

"Aa, mama wa Kaloleni," akasema. "Tarehe yako si wiki ijayo? Au zimekwisha mapema?"

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Tumemleta mtoto."

"Ni sawa, nitawahudumia wote mara moja. Ngoja nikutolee kadi."

Akaingia, akatoka na kadi ya rangi ya kahawia, akaiweka mezani karibu na mzani. Nilikuwa nimejifunza ualimu karibu miaka miwili, na mwalimu yeyote anaweza kusoma maandishi yaliyopinduliwa. Kliniki ya kupanga uzazi. Idadi ya watoto, watano. Aina ya dawa, tembe. Chini yake mihuri, safu baada ya safu, kila miezi mitatu, ikianzia mwaka ambao mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka miwili. Sasa mdogo wetu huyo alikuwa na miaka kumi.

Lazima nieleze hapa habari ya ushuhuda wa baba. Kulikuwa na ushuhuda mmoja alioupenda kupita yote, na kanisa zima liliujua. Alisema kwamba baada ya mtoto wa tano aliona nyumba imejaa, akafunga siku tatu akimwomba Mungu alipumzishe tumbo la mke wake, na Mungu akasikia. Aliutoa kila mwaka, wakati mwingine mara mbili. Wanaume walimpongeza kwa imani yake. Mama alikuwa akikaa upande wa wanawake, mikono juu ya mapaja, akiitikia amina pamoja na wengine.

Nilimtazama pale kwenye benchi. Hakunitazama. Nesi alimpima mtoto, akanipa dawa ya kikohozi, akamhesabia mama tembe zake, akatuaga. Tukashika njia.

Nilingoja hadi tulipofika kwenye ukuta mrefu wa kiwanda, mahali pasipo na watu.

"Tangu lini, mama?"

"Hayo ni mambo ya watu wazima."

"Nimebeba mtoto mgongoni. Unataka niwe mtu mzima kiasi gani?"

Akaendelea kutembea. Nikamshika kiwiko, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Ulijua," nikamwambia. "Siku ile unanikunjia nguo, ulijua kila kitu. Kisha ukaniambia kuna baridi."

"Ningekwambia, ungeniuliza nimejuaje."

"Na ningekuuliza, kungetokea nini?"

"Ungemwambia baba yako."

"Nisingemwambia."

"Leo usingemwambia," mama akasema. "Siku moja tungekosana, ungemwambia."

Alitoa mkono wangu kwenye kiwiko chake taratibu, akanitangulia. Hatukulizungumza tena jambo hilo kwa miaka tisa.

Kwa miaka hiyo nilimdharau mama kuliko nilivyomdharau baba. Baba nilimwona mpumbavu, na mpumbavu humchoki. Unamweka mahali pake, unampa chai. Lakini mama alikuwa anajua. Alikuwa amejipeleka mwenyewe hadi ng'ambo ya barabara, miezi mitatu kwa miezi mitatu, akajiokoa, kisha akaja kukaa barazani kwenye cherehani na kuniacha mimi niende mlimani na sweta. Kila alipoitikia amina kanisani nilimtazama shingo, nikafikiri, mwongo. Nilikaa nyumba moja naye, nikala chakula chake, akanilelea mtoto nilipotoka kutafuta kazi, na bado nilifikiri hivyo. Nasema ilivyokuwa.

Kazi niliyopata baadaye ilikuwa ya kufundisha watoto wadogo katika shule ya mabati kule Mukuru kwa Reuben. Sikuwa na cheti, kwa hiyo nilikuwa mwalimu wa kushikilia tu. Wazazi wengi wa wanafunzi walikuwa vibarua wa viwandani, watu kutoka magharibi na kutoka kwetu, wanaoamkia kwenye mageti. Wasichana waliokuja kuwachukua wadogo zao mchana walikuwa na miaka kumi na mitano, kumi na sita, na kila mwaka mmoja au wawili kati yao walikuja na matumbo. Mama zao waliniambia, "Mwalimu, sijui alitoa wapi tabia hii." Nilikuwa nikiwajibu kwamba hata mimi sijui, kwa sababu nilihitaji ile kazi.

Katikati ya miaka ya themanini mdogo wetu wa mwisho, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, akapata nafasi katika chuo cha ufundi nje ya Nairobi. Alikuwa msichana mwepesi wa ulimi, aliyezaliwa na kukulia Kaloleni, anayezungumza Sheng iliyomfanya baba aulize mara mbili. Habari zilipofika, baba alifurahi, akatangaza kanisani Jumapili mbili, akapanga siku ya maombi. Kati ya wale wazee wanne wawili walikuwa wamekufa, akatafuta wengine wa kujaza nafasi. Akamwandikia shangazi.

Nilimfuata mama jikoni.

"Huyu naye mtamwambia habari ya kitambaa?"

"Ni baraka za baba yake. Haziui."

"Mwambie wewe. Mweleze kama mama."

"Baba yako ana presha," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Siku hizo maneno ya ugonjwa mpya yalikuwa yameanza kuvuma. Hakuna aliyejua sawasawa ni nini. Wengine walisema ni wa wazungu, wengine walisema ni wa madereva wa malori ya safari ndefu. Mzee mmoja wa kanisa alisema ni bakora ya Mungu, na alionekana kufurahi kwamba hatimaye Mungu ameishika. Sikuona kwa nini mdogo wangu aende kukutana na bakora hiyo akiwa amejiandaa kwa chai ya shangazi.

Jumamosi asubuhi nikamwambia anisindikize. Njiani nilianza kumweleza, nikianzia mbali, nikizungukazunguka kama wale wale niliokuwa nikiwadharau, hadi akanikatiza.

"Dada, hiyo stori mbona naijua kitambo. Mimi si mshamba."

"Unajua nini?"

Akanieleza. Alijua kwamba mtu akimeza aspirini mbili na soda ya moto mara tu baada ya jambo lenyewe, hakuna kitu. Alijua kwamba ukiruka mara tisa inashuka. Alijua kwamba mpira haufai, kwa sababu kuna msichana wa Makongeni ambaye mpira ulipotelea tumboni hadi akapasuliwa. Kwamba mvulana akiwa msafi na anasoma, hana ugonjwa. Yote hayo aliyasema kwa uhakika mkubwa, akihesabu kwa vidole. Alikuwa ameyajua tangu kidato cha pili, bwenini.

Nikamwambia kwamba katika yote hayo hakuna hata moja la kweli. Akavikunja vile vidole, tukavuka Barabara ya Jogoo hadi kliniki ile.

Yule nesi mnene alikuwa amestaafu. Tulimkuta mwingine, kijana kunizidi, mwenye haraka. Alimwangalia mdogo wangu vidoleni.

"Ameolewa?"

"Bado. Anaenda chuo."

"Amezaa?"

"Hajazaa. Ndiyo maana nimemleta."

"Siwezi kumpa," akasema. "Hana mume wa kukubali, hana mtoto. Aje na mzazi."

"Mimi ni dada yake. Nimemlea."

"Nimesema mzazi."

Tukarudi. Mdogo wangu alicheka njia nzima. Aliona ni kichekesho kwamba lazima uzae kwanza ndipo upewe cha kukuzuia kuzaa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikifikiri, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimekwisha kuamua.

Mama alikuwa barazani, ana sare ya shule chini ya sindano.

"Nesi anataka mzazi," nikamwambia.

"Nilikwambia uache hilo jambo."

"Jumanne asubuhi, baba akiwa kazini."

"Siendi."

"Usipokwenda, nitamwambia baba ni nani aliyelipumzisha tumbo lako."

Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonichoma. Aliniangalia kama mtu ambaye amemngoja mgeni miaka tisa, na sasa anamsikia mlangoni.

"Jumanne saa ngapi?" akauliza.

Jumanne tulikwenda watatu, mama akiwa mbele. Nesi alimuuliza kama ndiye mzazi, akasema ndiye. Akamuuliza kama anaelewa msichana anapewa nini.

"Naelewa," mama akasema. Akachukua ile pakiti ya tembe kutoka mkononi mwa nesi, akaigeuza, akamwita mdogo wangu akae karibu.

"Unaanzia hapa, ufuate mshale," akamwambia. "Unameza saa ile ile kila siku. Mimi humeza nikishapiga mswaki, sisahau. Usiziweke dirishani, jua huziharibu. Ukisahau moja, imeze mara unapokumbuka, na ile ya siku hiyo vilevile umeze. Ukisahau mbili, usizitegemee hata kidogo. Ukitapika au ukiharisha, usizitegemee. Mwezi wa kwanza utasikia kichefuchefu, na matiti yatauma, usiogope ukaziacha. Ukiumwa sana na kichwa au mguu ukivimba, nenda hospitali, uwaambie unatumia. Usifiche."

Nesi alikuwa ameacha kuandika. "Mama, umenimalizia kazi," akasema.

Kisha nesi akaeleza kwamba tembe hazizuii magonjwa, akataja kisonono na kaswende, akasema na huo mwingine unaosemwa. Akatoa mipira, akafungua mmoja, akaonyesha kwa vidole vyake viwili namna unavyovaliwa na namna ya kubana ncha, akasema hauwezi kupotelea tumboni kwa sababu hakuna njia. Mdogo wangu akaniangalia mara moja. Mama hakuwa amewahi kuuona. Aliushika, akauvuta, akauliza kama unafuliwa. Nesi akasema unatupwa. "Na akikataa kuvaa?" mama akauliza. Nesi akasema akikataa, msichana naye akatae. Mama akamgeukia mdogo wangu. "Umesikia hilo?" akasema. "Hilo ndilo kubwa."

Nilitoka nje. Nilisimama karibu na bomba ambapo wanawake walikuwa wakiosha nepi. Nilikuwa na miaka thelathini na zaidi, na binti yangu alikuwa shuleni wakati huo, darasa la tatu. Maneno yale yalichukua dakika tano, sidhani kama yalizidi. Mama aliyasema bila kutafuta neno, bila aya ya Biblia, kama anavyomweleza mteja upande wa kitambaa. Alikuwa nayo siku zote.

Waliponikuta nje mama alinipita. Alitembea hatua kumi mbele yetu hadi nyumbani.

Jumamosi wazee wakala kuku. Baba akamsimamisha mdogo wangu mahali pale pale, akasema yale yale ya kitambaa cheupe, kwa mpangilio ule ule, na mzee mpya akaongeza lake juu ya maji ya moto. Mama aliitikia amina. Shangazi, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, akashusha pazia na kumuuliza mdogo wangu kama anawajua wanaume.

"Kiasi, shangazi," akasema.

Shangazi alitoka chumbani upesi kuliko mara ya kwanza. Hata hivyo aliwaambia kwamba amemweleza yote.

Mdogo wangu alikaa chuoni miaka mitatu, akamaliza. Katika barua zake aliniandikia kwamba mwaka wa kwanza wote hakuzigusa zile tembe wala mipira, kwa sababu wavulana wa chuo kile walinuka miguu. Mipira aliwagawia wasichana wa chumbani mwake, na wawili kati yao waliikataa wakamwita malaya. Mmoja wa hao wawili alirudishwa kwao kabla ya Pasaka. Alitoka familia ya mchungaji. Mwaka wa tatu mdogo wangu akampata kijana aliyemfaa, na hapo akazitumia, akaniandikia kwamba mama alisema kweli kuhusu kichefuchefu. Baba alipoona amerudi na cheti na tumbo bapa alisimama kanisani, akasema maombi ya wazazi ni ukuta. Nilikuwa viti vya nyuma. Watu walinigeukia, kwa kuwa mimi ndiye ukuta uliobomoka, nami nikawatazama usoni hadi wakageuka.

Mama hakunisamehe upesi. Hakugombana nami, alikuwa akinipa chakula, akimshonea binti yangu nguo, lakini alikoma kukaa nami peke yetu chumba kimoja. Nikiingia jikoni, alikumbuka kitu barazani. Nilikuwa nimefanya kile kile alichosema kwamba siku moja nitakifanya, na wote wawili tulijua.

Miaka kadhaa ikapita hivyo. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilipata nafasi ya kusomea ualimu nikiwa kazini, wakati wa likizo. Mchana mmoja kabla sijaondoka nilimkuta mama uani anachambua maharagwe kwenye ungo, nikakaa chini upande wa pili. Hakuondoka. Tukachambua. Baada ya muda akasema, bila kuinua kichwa:

"Ulinitisha."

"Nilikutisha."

"Mtoto wangu mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

Akatupa jiwe dogo nyuma ya bega lake.

"Ningekwenda hata usingenitisha," akasema.

"Usingekwenda."

Alichambua hadi akamaliza upande wake wa ungo. Jirani alikuwa akianika nguo kwenye kamba, akatusalimu, tukamjibu.

"Labda," mama akasema. Kisha akaniambia niteke maji niyaoshe maharagwe.